Tairi Lililokosa Nyumba

Mara ya mwisho Mama kupanda Kombi ya Baba ilikuwa Aprili 2009, siku ya mazishi ya baba yake mzazi kule Nkubu. Nilikuwa na miaka 12, nimekaa nyuma na sufuria ya chapati mapajani. Tulitoka Embu saa mbili asubuhi. Tulifika saa tisa na nusu mchana, vijana wakiwa wanamalizia kufunika kaburi na kina mama wakipanga maua juu ya udongo mbichi. Mama alishuka, akasimama kando, hakulia. Alitoa leso kwenye mkoba akaanza kupangusa matope kwenye viatu vyake. Kiatu kimoja, halafu kingine, halafu akarudia kile cha kwanza. Jioni alirudi Embu na matatu. Sisi tukarudi na Baba.

Watu wakisikia hii hadithi huuliza kama ilikuwa ajali, au mafuriko. Hapana. Ilikuwa tairi la spea.

Wacha nieleze hilo gari kwanza. Ni Volkswagen ya 1985, ile ya pua bapa na taa za duara ambayo wenye kuijua huiita T3. Baba aliinunua 1996 kwa mume na mke Wazungu waliokuwa wamemaliza kazi yao upande wa Chogoria na wanarudi kwao. Ndani kuna kitanda kinachokunjwa, jiko la gesi la vichomeo viwili, sinki ndogo, na paa linaloinuka likaachia nafasi ya mtu kusimama. Siku hizi ukifika nayo Nairobi watu wanaomba kupiga picha. Zamani zile, watoto wa mtaa wetu waliiita ambulensi, na wakiiona inakuja walikuwa wanapiga king'ora kwa midomo.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia na mwumini wa Volkswagen. Imani hiyo aliipata utotoni, wakati magari ya Safari Rally yalikuwa yakizunguka Mlima Kenya na watoto wanatoka shule kwenda kusimama kando ya barabara kula vumbi. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari kwa Beetle, na kwa Baba hiyo ilikuwa habari ya juzi. Ukimwambia Kombi si Beetle, anakujibu, "Damu ni moja."

Sasa, kwenye T3 injini iko nyuma. Kwa hivyo waliounda hilo gari waliona mbele kuna nafasi, wakaweka tairi la spea pale chini ya miguu ya dereva na abiria wake. Linakaa limelala kwenye sinia ya chuma ambayo mafundi wetu huiita karai. Karai lina bawaba upande wa nyuma na boliti moja upande wa mbele. Ukifungua boliti na kuachia kishikio, karai linashuka kama taya, tairi linateleza nje. Ni ujanja mzuri sana, mradi tu tairi lako liwe saizi ile waliyoifikiria wao kule Ujerumani: 185R14, kipenyo kama sentimita 65.

Baba hakubaki na saizi hiyo. Mwaka 2003, baada ya kukwama matopeni mara nyingi kuliko heshima yake ilivyoweza kubeba, aliamua kuinua gari. Alitafuta rimu za inchi 15 za Mercedes iliyokuwa imekufa, kwa sababu Mercedes na Kombi hii zote zina matundu matano yaliyopangwa kwenye duara la milimita 112. Fundi akapanua yale matundu ili boliti nene za Volkswagen zipite. Juu ya rimu akavalisha 195R15, tairi la matatu. Hapo alikuwa na akili. Kutoka Embu mpaka Maua hakuna soko ambalo fundi wa pancha hana 195R15 ya mtumba imening'inia ukutani. Gari likapanda juu, likapita matope, Baba akafurahi.

Ila tairi la matatu lina kipenyo kama sentimita 69. Haliingii kwenye karai. Kwa hivyo mbele pale chini kikabaki kile kitairi cha zamani, kidogo, peke yake, kama mtoto aliyebaki shule wenzake wakienda likizo.

Unaweza kusema sentimita nne ni nini. Nilipiga hesabu. Tairi la 69 likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.17. La 65 linasogea kama mita 2.04. Maana yake, kila kilomita moja, dogo linazunguka karibu mara 28 zaidi ya kubwa. Ukiyaweka yote mawili kwenye ekseli ya nyuma, ile inayosukuma gari, difu inalazimika kusawazisha hiyo tofauti bila kupumzika, na mafuta yake yanachemka. Baba alilijua hilo. Dawa yake ilikuwa hii: la nyuma likipata pancha, unatoa kubwa la mbele unalipeleka nyuma, halafu dogo unaliweka mbele. Jeki mara mbili, boliti kumi, na gari linavuta upande mmoja njia nzima.

Embu na Meru zimeshikwa na barabara moja inayopita ubavu wa mashariki wa mlima: Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu. Kila mto unaotoka mlimani kwenda Tana lazima uuvuke. Ena, Thuchi, Nithi, Mutonga. Baba alitukaririsha hiyo mito kama sala. Siku ile ya mazishi tairi la nyuma kushoto lilipasuka tukiwa tumepita Chuka, kabla ya mteremko wa Nithi. Kulikuwa kumenyesha. Ardhi ya kando ilikuwa laini, jeki ikawa inazama. Baba alikata matawi akayapanga barabarani kuonya magari, akatafuta mawe, akatafuta ubao, akafanya jeki mara mbili. Saa nzima na zaidi. Tukaondoka. Tulipofika ng'ambo ya Nithi, kile kitairi kidogo kikaisha upepo. Hakikupasuka hata. Kilikuwa kimekaa chini kule miaka sita bila kuguswa, mpira umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, kikachoka tu.

Baada ya siku hiyo Baba alisema atatengeneza karai liingie tairi kubwa. Alisema 2009. Alisema tena nikiwa kidato cha pili. Alisema nilipoingia chuo. Mama hakuwahi kubishana naye. Alikuwa na sentensi moja tu: "Siku hiyo gari itabeba tairi yake, nitapanda." Akienda kwao alienda na matatu. Baba alienda na Kombi, na kitairi kidogo kipya mbele pale. Wakawa wanakutana Nkubu kama watu wawili waliotoka miji tofauti.

Baba alifariki 2021. Kombi ikaja kwangu, kwa sababu kaka yangu yuko Nairobi na hana mahali pa kuiegesha, na mimi nilikuwa nimerudi Embu kufanya kazi zangu mtandaoni, kodi ya Nairobi ilipokuwa imenishinda. Mwaka uliofuata Mama alianguka jikoni akavunja nyonga. Alipona, anatembea na fimbo, lakini kujikunja kwenye kiti cha matatu zaidi ya nusu saa hawezi. Halafu Agosti mwaka jana tukapigiwa simu kutoka Nkubu. Shosh, mama yake Mama, zaidi ya miaka 90, amekataa chakula.

Kukodi gari kwenda na kurudi kungewezekana mara moja. Lakini mgonjwa wa umri huo humwendei mara moja. Na pale uani kulikuwa na gari lenye kiti kirefu ambacho mtu anaweza kukalia akanyoosha mguu. Nilimwangalia Mama, naye akaliangalia gari.

"Inabeba tairi yake?" akauliza.

"Bado."

"Basi wewe ndiye unajua, baba."

Huniita baba kwa sababu mimi ni mtoto wa pili wa kiume, nina jina la baba yake. Yule tuliyechelewa kumzika.

Nilianza na njia rahisi. Kuweka spea juu ya paa? Paa hilo ni la faiba na linafunguka. Rimu na tairi ni zaidi ya kilo 20, lingepasuka. Ndani? Ndipo mguu wa Mama unaponyooshwa. Kwenye mlango wa nyuma? Mlango unafunguka kwenda juu, na chini yake ndipo unapoifikia injini. Ningehitaji bampa mpya yenye mkono wa kuzunguka, na bei niliyotajiwa ilinifanya nicheke kwa sauti. Ilibaki palepale chini.

Jumamosi moja nikalala chini ya gari na tepu. Ndipo nikaelewa kwa nini Baba alikwama. Nyuma ya karai kuna chuma kikubwa cha kubeba miguu ya mbele, hakisogei. Mbele kuna bampa. Juu kuna fimbo ya usukani, fimbo ya gia na mabomba ya breki, ambayo ukigusa umejitafutia kifo. Nafasi pekee ni kushuka chini, na kushuka chini ni kupoteza ule urefu ambao matairi makubwa yaliletwa kuutafuta.

Nikitafuta kitabu cha gari kwenye droo ya kabati la sinki, nilipata daftari. Lile la mazoezi, la kurasa 96, lenye jedwali la hesabu mgongoni. Ndani kulikuwa na michoro ya karai, kurasa na kurasa, kwa ile kalamu yake ya penseli ya kuchora ramani. Juni 2009. Januari 2011. Desemba 2014. "Karai 65. Tairi 69. Upungufu 4." Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno haya tu: "Haiwezekani bila kukata." Chini yake, kwa mwandiko mdogo: "Kukata?"

Nilimpelekea Mama akiwa anachambua ndengu. Alivaa miwani akasoma ukurasa kwa ukurasa, pole pole. Kisha akalifunga.

"Kumbe alikuwa na daftari," akasema. "Angekuwa na grainda."

Fundi niliyemwendea anafanya kazi upande wa jua kali pale Embu mjini. Alikuwa mwanafunzi wa Baba. Alizunguka gari mara mbili mikono nyuma.

"Hii si gari ya Mwarimu?"

"Ni yenyewe."

"Alinileteaga hii kazi. Nikamwambia tukate karai. Akaniambia atafikiria." Akachuchumaa, akaigonga na kidole. "Alikuwa anapenda hii gari sana, ndio shida. Kitu ukiipenda hivyo huwezi kuikata."

Jaribio la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa baya. Nilimwomba ashushe karai tu bila kulikata, kwa boliti ndefu zaidi mbele na kipande cha chuma kwenye bawaba. Tairi likaingia. Nikatoka pale nikijisikia mhandisi. Tuta la kwanza kwenye barabara ya Runyenjes likanijibu: karai liligonga lami kwa sauti ambayo ilitoa watu dukani. Nikageuza.

Fundi hakunicheka. Alinipa soda, akaniketisha kwenye kreti, akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto wa mwalimu wake. Usitafute sentimita nne mahali pamoja, alisema. Tafuta kidogo hapa, kidogo pale.

Alikata ukingo wa karai upande wa nyuma, ule ulioinuka kama mdomo wa sufuria. Hapo alipata sentimita moja na nusu. Mbele alikata tena, akasogeza sikio la boliti kuelekea kwenye bampa, akachomelea kipande cha chuma kinene chini yake kuongeza nguvu. Sentimita nyingine moja na kitu. Iliyobaki, akasema, itatoka kwenye tairi lenyewe.

"Toa upepo."

"Yote?"

"Nusu. Mpira si chuma. Ukitoa upepo inakubali kuongea."

Na kweli. Tairi likiwa limelegea, tulilisukuma wawili, yeye kwa mabega na mimi kwa miguu, likajibana mahali pake likatulia. Karai likapanda mpaka boliti ikashika. Alipima chini kwa mkono: limeshuka kwa upana wa vidole viwili tu kuliko zamani. Akaongeza mnyororo mfupi wenye kufuli, kwa sababu spea ikianguka kutoka mbele ya gari, gari lenyewe ndilo linaipanda. Kazi yote, na rangi ya kuzuia kutu, shilingi 4,500. Nikanunua pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye shimo la kuwashia sigara. Miaka kumi na mbili ya daftari na mchana mmoja wa grainda.

Nilifikiri nimemaliza. Nilifika nyumbani nikapiga honi. Mama akatoka na fimbo yake na kiti cha plastiki, akaketi mbele ya pua ya gari.

"Toa," akasema.

"Nitoe nini?"

"Hiyo tairi. Uitoe, uweke nyuma, ile ya nyuma uweke hapo chini. Nikiona." Akachukua simu akafungua saa.

Nikatoa. Kufuli ilinisumbua. Karai lilishuka ghafla likanigonga kifundo cha mkono. Tairi lililojibana halikutaka kutoka mpaka nikalivuta nikiwa nimekaa chini, miguu nimeikaza kwenye bampa. Kujaza upepo kulichukua dakika kumi nzima, pampu ikilia kama mbuzi. Raha ilikuja mwisho: tairi lenye pancha ni rahisi kuweka kwenye karai kwa sababu tayari halina upepo.

"Dakika 46," akasema Mama. "Rudia."

"Mama, giza linaingia."

"Pancha haiulizi saa."

Akanishikia tochi. Mara ya pili, dakika 29. Akazima simu, akainuka, akaenda kupakua chakula. Asubuhi nilimkuta kwenye kiti kirefu cha nyuma, amevaa, mguu umenyooshwa, kikapu cha ndizi na unga wa uji kando yake.

Tulivuka Ena. Tulivuka Thuchi. Alikuwa anaitaja mito kwa sauti ndogo, kwa mpangilio wa Baba. Tulipopita Chuka aliniambia nisimame. Kulikuwa na mahali pana kando ya barabara, migomba, mtoto anauza maparachichi. Ningekupa hesabu ya matairi yote lakini nisingeweza kukuonyesha mahali hapo, yeye alipajua.

Chini mbele yetu kulikuwa na Nithi, lile daraja ambalo kila dereva wa barabara hii hulishukia akiwa kimya. Tarehe 24 Julai 2022 basi liliacha barabara pale likatumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Nilidhani Mama anawaza hayo.

"Ilipita matatu," akasema. "Siku ile. Ilikuwa na nafasi moja. Kondakta akaniita, mathee ingia. Nikashika mlango. Baba yako akaniambia, ngoja kidogo tu, namaliza." Alikuwa anaangalia migomba. "Nikangoja."

Hilo sikuwa nalikumbuka. Nilikuwepo, nimekumbatia sufuria ya chapati, na sikuliona. Miaka yote hiyo nilidhani amekasirikia gari. Wala hakuwa na hasira na tairi. Aliuachilia ule mlango kwa sababu mtu anayempenda alimwambia kidogo tu, na hicho kidogo kikala mazishi.

Sikujua la kusema. Nilimnunulia maparachichi matatu.

Tulifika Nkubu saa nne na robo. Shosh alikuwa ameketishwa nje kwenye jua, amefungwa shuka mbili, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alimtazama Mama kwa muda mrefu, akatazama Kombi, kisha akasema kitu kwa Kimeru ambacho mjomba alinitafsiria baadaye, ingawa nilikuwa nimeelewa: umekuja mapema.

Akala uji kidogo. Mama ndiye alimlisha.

Tulienda tena Septemba, na Oktoba mara mbili. Shosh alituacha Novemba, usiku, Mama akiwa amelala kitanda cha pili chumbani humo. Siku ya mazishi, Kombi ilikuwa imeegeshwa pale kwao tangu wiki moja kabla. Watoto walipanda ndani wakafungua maji ya sinki mpaka yakaisha.

Katika safari hizo zote hatukupata pancha hata moja. Fundi alicheka nilipomwambia. Alisema hiyo ndiyo kazi ya spea.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafungua kufuli, nashusha karai, naangalia mpira kama umeanza kupasuka, napima upepo. Mama huleta kiti chake cha plastiki na chai. Hasemi kitu, anafungua tu saa kwenye simu. Mpaka sasa muda wangu bora ni dakika 21, na anasema kuna mahali napoteza muda kwenye mnyororo.